Kubana Pumzi Kibarani

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani haoni watu, huona mishono. Nikipanda gari la Changamwe pale Mwembe Tayari saa kumi na nusu jioni, wenzangu wanagombania viti, mimi nishajua ni buibui gani limeongezwa upindo, shati gani limegeuzwa kola, na suruali gani ya shule imepunguzwa na fundi wa kubahatisha. Ndivyo nilivyomtambua yule kijana. Jina lake silijui, mamake simjui. Suruali niliijua. Niliibana mimi.

Duka langu liko Kuze, Mji wa Kale: chumba kimoja, cherehani mbili, na feni inayogeuza joto bila kulipunguza. Januari nashona sare za shule. Miezi kumi na mmoja iliyobaki naziharibu. Mzazi huja na mwanawe akataka suruali "ya kukulia", pana kama tanga la jahazi, kijana aijaze polepole mpaka amalize shule. Wiki mbili haziishi, kijana yuleyule yuwaja peke yake, suruali kaikunja ndani ya gazeti kama mtu aliyeficha samaki wa wizi. "Hapa mama, na hapa, na hapa chini kabisa." Nachukua mia na hamsini, nabana. Wako wanaotoka dukani kwangu wakipanda ngazi kwa ubavu.

Sasa mtu aliyevaa suruali ya namna hiyo akiketi, magoti hayakutani. Hilo ni suala la kitambaa, wala si la malezi. Kwa hivyo siku ile kijana aliponiruka akajitupa kiti cha dirishani, goti moja likagonga bati na la pili likaja kujilaza juu ya langu, nilifungua kinywa nimkanye. Nikauona mshono wangu wa pembeni umekaza mpaka uzi unahesabika. Nikafunga kinywa. Ningeanzia wapi?

Na magoti ndiyo bismillahi tu.

Asiyepanda gari zetu jioni hawezi kuelewa. Wanafunzi hawapandi mmoja mmoja. Hupanda sita kwa mpigo, kama dagaa walioona taa. Mabegi hawayavui mgongoni, kwa hivyo kijana akigeuka kumwambia mwenziwe jambo, begi linageuka naye na kumpiga mtu usoni, na begi lenyewe lina vitabu, lina chupa ya maji, nadhani lina na tofali. Viazi karai vinapitishwa mkono hadi mkono juu ya vichwa vyetu, ukwaju unadondoka. Mabuyu ndiyo usiseme. Yanamung'unywa mpaka rangi inashuka kidevuni, mbegu zinatemwa dirishani, na dirisha likiwa limefungwa zinatemwa hivyo hivyo. Siku moja nilifika nyumbani, nikavua mtandio, vitu vinne vikaanguka sakafuni. Nikaviokota nikaviweka kwenye kopo la vifungo. Niligundua kesho yake, mteja ashasimama mbele yangu na blauzi.

Halafu simu. Kila mmoja na yake, kila simu na sauti yake. Huku mtu anacheka, huku mtangazaji wa mpira anakaribia kuzirai, huku wimbo unaanza, unakatwa kabla haujafika kwenye utamu wake, unaanza mwingine, nao unakatwa. Hilo la kukata ndilo linaloniua. Kelele naziweza, nimelea watoto watatu na nimekaa miaka sita juu ya gereji. Lakini wimbo usiomalizika ni kama mtu anayekushona kanzu akakuachia mkono mmoja.

Msidhani nilikaa kimya. Nilianza na jicho. Mamangu, Mungu amrehemu, alikuwa na jicho la kutosha kufagia ua mzima. Alikutazama mara moja tu mbele ya wageni, ukairudisha kaimati sahanini. Nilidhani nimelirithi. Nikamkazia kijana mmoja kuanzia Mwembe Tayari hadi Saba Saba, bila kupepesa. Akainama, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, unaumwa?"

Nikahamia kwenye maneno. "Mwanangu, hebu punguza hiyo simu." "Sawa mama." Hapo niwape haki yao: hawajibu vibaya. Kijana wa Mombasa atakukanyaga, atakumwagia ukwaju, na atakuomba radhi kwa Kiswahili kizuri kuliko cha kwenye taarifa ya habari, kisha ataendelea kukukanyaga. Yule alipunguza sauti kijiti kimoja. Tulipofika Makupa kijiti kilikuwa kimerudi na ndugu zake. Nikamuuliza kwani hana zile nyaya za masikio. Akazitoa mfukoni, akanionyesha: upande mmoja umekufa. Akaupangusa ule uliobaki hai kwa shati, akaninyooshea. "Chukua wewe mama, usikize vizuri."

Nikamshtakia makanga. Makanga akasema, "Tulia mathe, nakusaidia," akapiga bati, akamwambia dereva aongeze muziki wa gari ili ule wa simu usisikike. Kweli haukusikika. Haikusikika na honi ya lori lililokuwa linataka kutupita, wala sauti ya mama mmoja aliyekuwa anapiga kelele ashushwe.

Na wala si mimi peke yangu niliyeshindwa. Kuna mzee mmoja wa kofia, hupandia Saba Saba, sauti yake ya khatibu. Siku moja alikuwa amechoka nao. Akageuka kwenye kiti akaanza: enzi zetu sisi, kijana akiona mtu mzima anapanda gari... Kijana mmoja akasema, "Shikamoo mzee." Mzee akasema, "Marahaba." Akaanza upya: enzi zetu sisi, kijana akiona mtu mzima... Kijana wa pili: "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu." Enzi zetu... "Shikamoo." Walikuwa saba. Huwezi kuacha kuitikia shikamoo. Ukiacha wewe ndiye huna adabu. Mpaka tunapanda kilima cha Changamwe, mzee alikuwa ameitikia marahaba saba, na yule kijana wa enzi zake bado hajainuka kitini.

Mpwa wangu aliyeko London ananiambia kwao mtoto wa shule hupanda basi bure, lakini hupewa kadi maalum, na akifanya fujo kadi inaweza kufungwa, alipe kama watu wengine au aende kwa miguu. Nikamwambia huo ni mpango mzuri wa nchi yenye kadi. Sisi mwanafunzi wetu ana sarafu ya ishirini na maneno. Hulipa nusu, basi, na hiyo nusu nayo hupatikana baada ya mjadala unaoanzia Mwembe Tayari na kumalizikia anakoshukia.

Na hiyo nusu, nikisema ukweli wangu, ina mchango wake. Nimekaa siku nyingi nikitazama. Asubuhi na jioni, gari likiwa na haraka, makanga hataki wanafunzi: "Shule hapana, shule hapana!" anawasukuma mlangoni kama kuku. Wakipandishwa, kiti ni chao mpaka atokee mwenye nauli kamili. Hapo utasikia, "Wewe wa nusu, inuka, kaa kibao." Kibao ni ule ubao unaowekwa katikati ya viti viwili, mtu akalie upande wa tako na upande wa imani. Sheria inasema abiria kumi na wanne. Sheria ikiona kibao inageuza uso. Basi mtoto aliyefunzwa miaka yote kwamba yeye ni nusu ya mtu, siku akipata kiti atataka kukikalia kama watu wawili.

Nimeitaja sheria, na mimi ile sheria niliila, tena ikanikaa vizuri. Matatu zenyewe, tunavyohadithiwa, jina zilipata kwa mapeni matatu, senti thelathini za nauli ya zamani, na mwaka 1973 Mzee Kenyatta akaziruhusu zibebe watu bila zile leseni za mabasi. Zikabeba watu miaka thelathini kila mtu na ujanja wake. Kisha akaja waziri John Michuki. Kuanzia Februari 2004: mikanda kila kiti, mstari wa manjano ubavuni, kidhibiti mwendo, na sare. Dereva buluu, makanga maruni. Nani alizishona, Kuze yote? Nilishona maruni mpaka nikiota naota maruni. Makanga waliokuwa wakinirukia mataa ya Mwembe Tayari walikuwa wananijia dukani, wananyoosha mikono niwapime mabega, wananiita "aunty". Wiki zile za kwanza ndani ya gari kulikuwa na utulivu wa hospitali. Mikanda ilikuwa mipya, kila mtu kajifunga, kaweka mikono mapajani. Mikanda hiyo leo iko chini ya viti, imeshika vumbi na maganda ya njugu, na ukijifunga inakuachia mstari mweusi kifuani kama mtu aliyetunukiwa nishani. Kwa hivyo watu wazima wakikaa kulalamika kwamba vijana wameharibu gari, mimi hutazama ule mkanda chini ya kiti, nikanyamaza. Sio wao walioutia huko.

Lakini nilichotaka kuhadithia ni Kibarani.

Kwa asiyepajua: ukitoka kisiwani kuelekea bara, ukishauacha mzunguko wa Makupa, barabara inateremka kuvuka maji, reli iko kando, makontena ya bandarini yamepangwa kama viberiti, halafu ndiyo uanze kupanda kwenda Changamwe. Hapo kwenye maji ndipo Kibarani. Kwa miaka mingi Mombasa nzima ilitupa hapo kila ilichokula ikashiba. Jaa likapanda mpaka likawa kilima, moshi unafuka mchana na usiku, kunguru wamekaa juu kama wenye hati ya shamba. Mgeni anayekuja kwa basi la usiku kutoka Nairobi alikuwa hahitaji kuamshwa na mtu. Kibarani ilimwamsha.

Nilikuwa msichana wa shule miaka ya themanini, na mabasi ya KBS ndiyo yaliyokuwa yakituvusha. Tulikuwa na mchezo. Basi likishatoka Makupa, mmoja wetu anasema "haya!" na sote tunabana pumzi. Hakuna kupumua mpaka mlimani Changamwe. Wa kwanza kupumua ananunua mabuyu. Ungetuona, wasichana tisa wa mitandio myeupe, mashavu yamejaa kama bunju, macho yametoka, na dereva siku hizo hakuwa na haraka na mtu. Mara mbili nilishuka na kizunguzungu. Mabuyu nilinunua mara nyingi kuliko nilivyonunuliwa, maana mimi nikitazamana na mtu hucheka.

Mchezo huo haukumdhuru mtu. Wa pili ndio ulikuwa na dhambi. Harufu ikishaingia sawasawa, mmoja alikuwa akisema kwa sauti, kana kwamba anajisemea tu, "Hee! Leo kuna mtu kala maharagwe." Kisha sote tisa tunageuka kumtazama mtu mmoja. Tulimchagua kwa makini: mtu mzima, mpole, aliye peke yake. Siku moja tulimchagua bwana mmoja wa kanzu, kapakata kikapu cha maembe. Basi zima lilijua ni jaa. Yeye mwenyewe alijua ni jaa. Lakini macho kumi na manane yakikukazia, hata wewe unaanza kujishuku. Alijigeuza mara moja, akajigeuza mara mbili, akalisogeza kapu, kisha akashuka kituo cha kwanza baada ya maji, na sidhani kwao kulikuwa hapo. Tulicheka mpaka nyumbani. Miaka arobaini hii, nikiona embe dodo namkumbuka.

Jaa lile halipo tena. Lilifungwa, taka zikahamishiwa Mwakirunge, udongo ukamwagwa juu, nyasi na miti ikapandwa. Mwaka 2022 likafunguliwa daraja jipya la Makupa, mahali pa lile tuta la tangu enzi za Mwingereza lililokuwa limeuziba mkono wa bahari, na maji yakaanza tena kupita chini. Leo upepo unaoingia dirishani pale ni wa chumvi, mzuri hata kuliko wa kwetu Kuze ambako jirani hukaanga papa.

Ila pua haisomi gazeti. Mimi, na wengi wa umri wangu, gari likishateremka Makupa mkono unapanda wenyewe. Siuamrishi. Unashika ncha ya mtandio, unaileta puani, unakaa pale mpaka mlimani, kisha unashuka. Utawaona wazee na vitambaa vyao, utamwona dereva wa miaka hamsini anapandisha kioo. Hatunusi kitu. Tunaswali sunna ya jaa.

Sasa rudini kwa yule kijana wa suruali yangu. Ilikuwa Ijumaa, siku ya michezo, na walikuwa wametoka uwanjani moja kwa moja. Sitawasingizia, hawakuwa wananuka kupita kiasi. Walinuka kama vijana, yaani jasho, vumbi na machungwa. Yeye dirishani, goti lake juu ya goti langu, simu mkononi inakata nyimbo. Wenziwe wanne kiti cha nyuma, magoti yao mgongoni mwangu, wanashindana nani ana video ya kuchekesha zaidi, na kila video lazima ichezwe mara tatu. Kitoto kimoja cha mama fulani kilikuwa kinalia na hakisikiki. Unaona mdomo tu.

Tukauzunguka mzunguko wa Makupa, tukateremka. Mkono ukapanda. Mtandio ukafika puani.

Kijana alikuwa ananitazama.

Nilimwona akikunja uso kidogo. Alinusa upande wa dirisha: upepo mwanana. Alinusa upande wangu: mimi hujitia udi kidogo asubuhi. Kisha, polepole, kama mtu anayechungulia kisimani, akateremsha kidevu mpaka karibu na kwapa lake.

Simu ikazimwa. Haikupunguzwa, ilizimwa kabisa. Mikono ikabanwa ubavuni kama ya askari kwenye gwaride. Na magoti, Mungu shahidi wangu, yale magoti ambayo nilidhani kwa mshono ule hayawezi, yakakutana. Nilisikia uzi ukilia.

Mwenziwe wa nyuma akampiga bega, "Vipi bro, mbona umezima?" Yeye akageuka, akanong'ona neno moja. Sikulisikia, lakini niliona linavyosafiri. Kichwa cha kwanza kiliinama kwenye kwapa. Cha pili. Wa tatu alivuta shati shingoni akachungulia ndani. Wa nne akasema tu, "Aa jamani," kwa masikitiko makubwa. Simu zote zikazimwa. Gari zima likasikia kitoto kikilia, na mama wa watu akashtuka, maana yeye mwenyewe alikuwa amesahau sauti yake.

Makanga alitutazama nyuma, akamtazama dereva. Bibi wa mbele aligeuka akaninong'oneza, "Umewafanyaje?" Alinitazama kama mtu anayetaka anwani ya mganga.

Nikiri: kwa nusu dakika nilifurahi. Nusu dakika ya kimya ndani ya gari la Changamwe saa kumi na moja jioni, nani kaipata? Halafu nikautazama uso wa yule mtoto. Masikio yalikuwa mekundu. Alikuwa amejisogeza dirishani mpaka nusu ya bega iko nje, asinikaribie. Na nilimwona, wallahi nilimwona, yule bwana wa kanzu na kapu lake la maembe.

Basi nikataka kumtoa haya. Nikaondoa mtandio puani, nikamwambia kwa sauti ya huruma, "Mwanangu, usijali, si weye. Hapa zamani palikuwa panatupwa taka." Na ili aone nisemapo, nikanyoosha kidole kuonyesha nje.

Yeye alikuwa kati yangu na nje. Gari likaruka kwenye tuta. Kidole kikamgota kifuani.

"Hapa," nikasema tena, maana nilikuwa nishaanza. "Taka za Mombasa nzima."

"Sawa mama," akasema. Sauti ilitoka ndogo sana. Aliposhuka Changamwe hakuwangoja wenziwe.

Jumamosi na Jumapili sikulala vizuri. Nilipanga maneno. Nilimweleza mume wangu, akacheka mpaka akakohoa, akaniambia nimtafute kijana nimuombe radhi, tena nisitumie vidole. Nikaamua Jumatatu nitamweleza habari yote, jaa, KBS, kubana pumzi, hata maharagwe.

Jumatatu nikapanda Mwembe Tayari, nikachagua kiti kilekile, nikaweka mkoba wangu pale dirishani nimwekee. Sikuwaona wakija. Niliwasikia kwa pua. Walikuwa bado wako upande wa pili wa barabara.

Sijui nieleze vipi. Yale manukato ya kopo ya kujipulizia, yale yenye picha ya moto, nadhani walikuwa wamemaliza makopo mawili watu watano. Mmoja alikuwa ameongeza marashi ya waridi ya mamake. Mwingine kajifukiza udi, mashati yote, mpaka begi. Na mmoja, ama kakosea kabati ama kaona bora kuzidisha, alikuwa kajipaka kitu chenye kafuri ndani yake. Walipoingia, hewa iliyokuwa ndani ya gari ilitoka. Makanga alipiga chafya mara nne, akafuta macho, akauliza, "Ebu semeni ukweli, leo tumebeba maiti?" Mama wa kitoto alishuka papo hapo, akasema atangoja lingine.

Kijana wangu akaja akaketi dirishani. Nywele kazichana. Shati kalipiga pasi, mshipi kaukaza, magoti pamoja. Akanisalimia shikamoo, akanitazama kwa uso wa mtu aliyefanya mtihani akajua kapita. Nikaitikia marahaba, na hiyo "ha" ya mwisho ikanirudi kooni. Yale maneno yangu yote ya Jumapili yalikuwa yanahitaji pumzi, na pumzi haikuwapo. Dirisha letu, bila shaka, ni lile lisilofunguka.

Tukapita Saba Saba. Macho yanatoka machozi. Tukaingia mzunguko wa Makupa, na hapo nikakumbuka mkono wangu. Kijana naye alikuwa ameukumbuka. Hakutazama nje wala kwa wenziwe, alikuwa anautazama mkono, na wale wanne wa nyuma, nilihisi pumzi zao shingoni, nao walikuwa wananyoosha shingo kuutazama. Gari likaanza kuteremka. Mkono ukaanza kupanda. Nikaukamata kwa mkono wa pili, nikaubana mapajani juu ya mkoba, na kwa mara ya kwanza tangu jaa lile lifungwe nilikuwa nautaka mtandio wangu kwa haja ya kweli.

Basi nikafanya lililobaki. Nikavuta pumzi fupi kupitia mdomoni, nikajaza mashavu, nikabana.

Tukalivuka daraja. Kijana alinitazama hivi, akanitazama hivi. Mtandio haukupanda. Uso wake ukafunguka taratibu mpaka masikioni. Akageuka nyuma akawapa wenziwe kidole gumba, nao wakagonga viganja. Kisha akajiegemeza, magoti yakaachana, moja likagonga bati na jingine likarudi mahali pake juu ya langu, akatoa simu mfukoni, akaifungua sauti yote. Nyuma zikafunguliwa nne.

Sikuweza kusema neno. Ningesema, ningepumua.

Nilishindwa tukiwa bado chini ya mlima, karibu na pale bwana wa kanzu aliposhukia. Nilipofika Changamwe nikaenda moja kwa moja kwa muuza mabuyu, nikanunua ya ishirini.